American Idiot: albamu ya 2004 au rekodi ya Broadway, uanze na ipi?

Ukitafuta "American Idiot" kwenye programu ya muziki ya simu yako, vinatokea vitu viwili vyenye jina moja. Cha kwanza ni albamu ya Green Day, bendi ya Marekani ya panki (roki ya kasi na ya uasi), ya Septemba 2004, nyimbo 13, dakika 57 hivi. Cha pili ni rekodi ya Aprili 2010 ya waigizaji wa Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, walioigeuza albamu hiyo kuwa mchezo wa jukwaani: ndefu zaidi, imejaa sauti za wanaume na wanawake ambao wengi wetu hatujawahi kuwasikia, na ina nyimbo ambazo kwenye ile ya kwanza hazimo kabisa. Mtu mwenye saa moja ya kusikiliza na bando la kuhesabu ana haki ya kuuliza aanze na ipi.

Mimi nasema albamu. Ila wapo watu ambao ningewaelekeza kwenye ya jukwaani bila kusita, na zipo nyimbo tatu au nne ambazo waigizaji wamezifikisha mahali ambapo bendi yenyewe haikuzifikisha. Zote mbili nazipenda kwa dhati. Kwa hiyo nitazipima kwa kile zinachofanya masikioni, nisiangalie ipi ilitangulia kuzaliwa.

Bendi iliyoibiwa nyimbo

Mwaka 2003 Green Day walikuwa watu watatu waliokwisha kufika miaka 30: Billie Joe Armstrong kwenye gita na sauti, Mike Dirnt kwenye besi, Tré Cool kwenye ngoma. Umaarufu wao mkubwa ulikuwa wa 1994, ulioletwa na albamu ya Dookie, na ile ya mwaka 2000, Warning, iliuza kidogo kuliko walivyozoea. Wakaingia studio wakarekodi nyimbo zipatazo 20 za albamu iliyokuwa iitwe Cigarettes and Valentines. Kanda zikaibwa. Wangeweza kuzirekodi upya, maana nyimbo walikuwa nazo kichwani. Prodyuza wao, Rob Cavallo, akawataka wajiulize kwanza kama hizo zilizopotea ndizo kazi bora kuliko zote walizowahi kufanya. Hawakuweza kusema ndiyo, wakaziacha.

Kilichofuata kilianza kama mchezo. Siku moja Dirnt alibaki studio peke yake, akarekodi kipande cha wimbo cha sekunde 30. Wenzake waliporudi wakakipenda, kila mmoja akatunga chake cha sekunde 30, wakawa wanaunganisha kimoja baada ya kingine. Ndivyo ulivyopatikana "Homecoming", wimbo wa dakika tisa na ushee wenye sehemu tano ndani yake, na hadi leo sehemu moja humo anaimba Dirnt na nyingine anaimba Tré Cool. Hapo wakajua wana uwezo wa kutunga kitu kirefu kuliko wimbo wa dakika tatu. "Jesus of Suburbia", nao wa dakika tisa na sehemu tano, umejengwa kwa mtindo huohuo. Mfano waliokuwa wakiutazama ni opera za roki, yaani albamu nzima yenye kisa kimoja, za bendi ya Uingereza ya The Who, hasa Tommy ya mwaka 1969.

Huku nyuma Marekani ilikuwa imeivamia Iraq, Machi 2003, na vituo vya habari vilikuwa vinarusha vita mchana na usiku. Armstrong aliondoka California akaenda New York kwa muda, akapanga chumba East Village, akawa anatembea mitaani peke yake. Upweke unaousikia kwenye "Boulevard of Broken Dreams" ni wa kipindi hicho.

Kisa chenyewe ni chembamba. Kijana anayejiita Jesus of Suburbia amekulia kwenye kitongoji kisicho na njaa wala matumaini, kwa soda, vidonge na televisheni. Anatoroka kwenda mjini. Huko anakutana na St. Jimmy, kijana wa vurugu na dawa za kulevya, na anampenda msichana muasi ambaye jina lake hatulipati hata mara moja. Miaka baadaye yeye mwenyewe amelisahau, anamwita Whatsername. St. Jimmy anakufa, msichana anaondoka, kijana anarudi kwao. Hakuna zaidi.

Albamu hii iliingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard 200, mara ya kwanza kwa bendi hiyo, kwa nakala 267,000 za wiki ya kwanza. Marekani peke yake imevuka nakala milioni 6. Februari 2005 ikachukua Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya albamu bora ya roki, na mwaka uliofuata "Boulevard of Broken Dreams" ikachukua Grammy ya rekodi ya mwaka. Juni 2005 walipiga usiku mbili mfululizo Milton Keynes, Uingereza, mbele ya watu kama 130,000 kwa jumla. Ukiangalia ni nyimbo gani zilizoibeba, zile tano zilizotolewa moja moja, utaona karibu zote zinasimama bila kisa. Mtu aliyekuwa akiisikia "Wake Me Up When September Ends" redioni hakuhitaji kujua St. Jimmy ni nani. Mamilioni waliinunua albamu yenye kisa bila kukifuata kisa, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuja kujazwa na jukwaa.

Kutoka Berkeley hadi St. James

Aliyeusikia mchezo ndani ya albamu ni Michael Mayer, mwongozaji aliyepata Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, mwaka 2007 kwa mchezo wa Spring Awakening. Maneno ya kuigizwa aliyaandika pamoja na Armstrong, nayo ni machache mno. Kazi kubwa inafanywa na nyimbo. Muziki ulipangwa upya na Tom Kitt, ambaye mwezi uleule wa Aprili 2010 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kazi nyingine ya jukwaani. Mchezo ulifunguliwa Septemba 2009 katika Berkeley Repertory Theatre, mji uleule walikoanzia Green Day kwenye ukumbi wa vijana wa panki ulioko 924 Gilman Street. Ukumbi huo uliwafungia mlango waliposaini na kampuni kubwa ya rekodi. Miaka 15 baadaye nyimbo zao zikarudi mji huohuo, zikiimbwa na watu wenye elimu ya sauti, mbele ya watu waliokaa kwenye viti vyenye namba. Wapo mashabiki wa panki waliouona huo kama usaliti wa pili. Siwaungi mkono, lakini hasira yao naielewa, na ndiyo inayowafanya wengi waikatae rekodi ya Broadway kabla hawajaisikiliza.

Broadway kwenyewe mchezo uliingia ukumbi wa St. James, ukafunguliwa tarehe 20 Aprili 2010 na kufungwa tarehe 24 Aprili 2011, maonyesho 422. Ulipata Tony mbili, ya mandhari ya jukwaa kwa Christine Jones na ya taa kwa Kevin Adams. Tony ya mchezo bora wa muziki ilikwenda kwa mchezo mwingine uitwao Memphis. Rekodi ya waigizaji ilipata Grammy yake mwaka 2011. Armstrong mwenyewe alipanda jukwaani kwa vipindi akicheza St. Jimmy, na wiki hizo tiketi zilikwenda kwa kasi. Ukilinganisha mafanikio, basi, albamu ni jitu na mchezo ni mtoto wa kawaida aliyefanya vizuri shuleni. Mwaka mmoja wa Broadway si aibu, ila haukugeuza kitu chochote kwenye muziki wa dunia kama albamu ilivyogeuza.

Namba hizo zisikuamulie, hata hivyo. Hazisemi lolote juu ya kipi kitakugusa.

Mtu mmoja, au marafiki watatu

Tofauti kubwa kuliko zote iko hapa. Albamu ina sauti moja na macho mawili. Yote yanayotokea yanapitia kwa kijana mmoja, naye si msimulizi wa kuaminika, na kati ya wimbo na wimbo kuna mashimo ambayo msikilizaji anajaziwa na mawazo yake. Je, St. Jimmy yupo kweli, au ni upande wa pili wa kijana huyohuyo? Albamu haijibu. Unaweza kuisikiliza ukiamini ni watu wawili, kesho ukaisikiliza ukiamini ni mmoja, na mara zote mbili ikakaa sawa.

Mayer aliyachukua maneno ya yule kijana mmoja akawagawia watatu. Johnny ndiye anayekwenda mjini na kuangukia kwenye heroini. Alichezwa na John Gallagher Jr. Will, aliyechezwa na Michael Esper, alikuwa aende naye, lakini mpenzi wake Heather ana mimba, anabaki. Tunny, aliyechezwa na Stark Sands, anafika mjini pamoja na Johnny, mji haumpi kitu, anajiunga na jeshi. Wote watatu wanatoka mji mmoja mdogo uitwao Jingletown.

Mgawanyo huu unafanya nyimbo zilizokuwa za mtu mmoja zigongane. Chukua "Give Me Novacaine". Kwenye albamu ni kijana anayeomba ganzi, na unadhani ni ya mateso yake tu. Jukwaani anaimba Will, kwenye kochi, mbele ya televisheni, huku mwanamke mjamzito yuko pembeni yake na hamwangalii. Na kwa wakati huohuo Tunny yuko vitani. Maneno ni yaleyale. Mmoja anaomba ganzi ya uvivu, mwenzake atahitaji ganzi ya kweli. Will anakaa kwenye kochi hilo karibu mchezo mzima, na Esper aliukubali huo mzigo: kucheza mtu asiyefanya lolote, dakika 90 bila mapumziko, mbele ya umati.

Kuna gharama yake. Watu wakiwa watatu, kila mmoja anapata theluthi ya muda. Tunny anaamua kwenda jeshini katika wimbo mmoja. Will na Heather wanaachana katika mwingine. Ukiuliza kwa nini Tunny, kijana mwenye hasira na serikali, anasaini karatasi za jeshi, mchezo unakuonyesha skrini za televisheni, mwanajeshi mtanashati anayeimba "Favorite Son", na kijana aliyelala kitandani akiwaangalia. Mimi jibu hilo linanitosha, kwa sababu vijana wengi wa nchi nyingi wameandikishwa kwa picha nzuri kuliko kwa hoja. Kuna atakayeliona ni jepesi.

Vita

Kwenye albamu vita viko dirishani. "American Idiot" na "Holiday" zinavitukana, kisha kisa kinarudi kwa kijana na msichana wake. Ndiyo maana nadhani albamu imezeeka vizuri: hasira yake haikufungwa kwenye vita kimoja, na kila baada ya miaka michache mtu mwingine anaiona ni ya kwake. Kwenye mkesha wa mwaka 2024 Armstrong alibadilisha maneno machache ya wimbo wa kwanza kwenye televisheni ili yawahusu wafuasi wa Trump, na wimbo wa miaka 20 ukawa habari ya asubuhi.

Jukwaa linavileta vita ndani ya nyumba. Tunny anarudi hana mguu. Wimbo wa "Before the Lobotomy", uliochukuliwa kutoka albamu iliyofuata ya Green Day, 21st Century Breakdown ya 2009, unaimbwa na askari waliojeruhiwa wakiwa vitandani, na hapa lazima niseme wazi kwamba huu ndio mgawanyo wa sauti ninaoupenda kuliko wote kwenye rekodi nzima. Kitt amewapanga wanaume wale taratibu, sauti ikipanda juu ya sauti, mpaka unasahau kwamba wimbo huu haukuandikwa kwa ajili yao.

Halafu "Wake Me Up When September Ends". Armstrong aliutunga kwa ajili ya baba yake, aliyefariki kwa saratani Septemba 1982, yeye akiwa na miaka 10. Video yake ya 2005, iliyoongozwa na Samuel Bayer, ikaugeuza kuwa wimbo wa msichana na mpenzi wake aliyepelekwa Iraq. Jukwaani wanauimba Johnny, Will na Tunny, kila mmoja na alichopoteza. Msiba mmoja umevishwa nguo tatu. Kwangu ule wa albamu haujapitwa, kwa sababu unasikia mwanamume mzima akiwa mtoto wa miaka 10. Lakini anayeusikia kwa mara ya kwanza kupitia wale watatu atalia mapema zaidi.

Kuna jambo moja linalonikera jukwaani na sitalifunika. Tunny akiwa hospitalini, kichwa kimejaa dawa, anamwona mwanamke akishuka kutoka juu, amejifunika kama mwanamke wa Mashariki ya Kati, kisha wanaruka pamoja hewani. Ni "Extraordinary Girl". Kwa macho ni mandhari ya ajabu, na waliokuwa ukumbini wengi waliikumbuka kuliko kitu kingine. Lakini katika mchezo mzima unaohusu vita vya Iraq, huyo ndiye peke yake anayewawakilisha watu waliopigwa mabomu, naye ni ndoto ya askari wa Kimarekani, na vazi lile analivua ili awe kivutio. Baadaye tunaelewa ni muuguzi wake. Albamu nayo haina Mwiraki hata mmoja, ila haikujidai inatupeleka kule. Inaanza wimbo huo kwa mdundo wa tabla, basi. Anayesikiliza rekodi bila kuona picha anasalimika na hili, na atabaki na wimbo mzuri wa watu wawili.

Wanawake wanapopewa kipaza sauti

Ukiniuliza sababu moja tu ya kuisikiliza rekodi ya Broadway, nitakwambia ni hii. Albamu ya 2004 inamzungumzia mwanamke tangu katikati hadi mwisho, inamwita muasi, inamwita wa ajabu, inamlilia, na yeye karibu haongei. Sauti ya mwanamke inasikika wazi mwanzoni mwa "Letterbomb", kibwagizo kifupi cha dharau kinachoimbwa na Kathleen Hanna, mwimbaji wa bendi ya Bikini Kill, kisha Armstrong anapokea na kuuimba wimbo wote. Ajabu ni kwamba "Letterbomb" ni barua ya msichana. Ni yeye anayeondoka, ni yeye anayemwambia kijana ukweli juu ya St. Jimmy. Tunausikia uamuzi wake kwa mdomo wa aliyeachwa.

Jukwaani barua inasomwa na aliyeiandika. Rebecca Naomi Jones, aliyemcheza Whatsername, anaimba "Letterbomb" akiwa na wanawake wenzake nyuma yake, na kila mstari unapata mlengwa. Yale yaliyokuwa maneno ya uchungu yanakuwa maneno ya mtu aliyekwisha kufunga begi. Jones haimbi kwa kilio wala hampigii mtu kelele. Anaziuma konsonanti, anaachia kiitikio kipae, na wanawake wanaingia naye kama watu waliokuwa wanangoja zamu yao tangu 2004.

"21 Guns" nayo imepata bahati hiyo. Kwenye 21st Century Breakdown ni wimbo wa polepole wenye gita nene, mzuri, mzito kidogo. Jukwaani sauti za wanawake zinautangulia, wanaume wanafuata, na swali lililo ndani yake, kama kuna kitu kinachostahili mtu kufa kwa ajili yake, linaulizwa na wanaobaki nyumbani. Waigizaji waliuimba pamoja na Green Day kwenye jukwaa la Grammy mnamo Januari 2010, na kwa watu wengi nje ya Marekani huko ndiko walikoanza kujua kwamba kuna mchezo.

Heather pia, aliyechezwa na Mary Faber, anapata kipande cha "Dearly Beloved" ndani ya "Jesus of Suburbia", na kipande kile kifupi kinatosha kukuambia ana mimba na anaogopa. Sasa soma tena maneno yake kwenye albamu ukijua hilo. Hayabadiliki neno.

Zinakoshindana uso kwa uso

"Jesus of Suburbia": albamu, bila mjadala. Zile sehemu tano zinahitaji mtu mmoja azipite akihema, mwendo ukibadilika chini ya miguu yake. Mkigawana waimbaji, kile kihoro cha mtu mmoja kinayeyuka.

"Holiday" kuingia "Boulevard of Broken Dreams": albamu tena. "Holiday" inamalizikia kwenye mlio wa gita ambao haukatiki, na kutoka humo linachomoza gita jingine linalotetemeka, polepole, na kijana yuko peke yake barabarani. Sikiliza bila kuruka, na zima ule mpangilio wa simu unaochanganya nyimbo, kwa sababu kiungo hicho kikikatika umepoteza moja ya sekunde tamu za albamu. Gallagher anauimba "Boulevard" kwa unyenyekevu, ila sauti za wenzake zikiingia ule upweke unapungua.

"St. Jimmy": hapa napima sare. Armstrong ana kasi. Tony Vincent, mchezaji wa Broadway, ana kitu cha kutisha, sauti kali kama bati linalokwaruzwa, na unaelewa kwa nini Johnny anamfuata.

"Whatsername", wimbo wa mwisho: albamu. Ni mwanamume aliyezeeka kidogo akijaribu kukumbuka uso, na kinachomuuma ni kusahau. Jukwaani umemwona Whatsername kwa saa nzima na sauti yake iko masikioni mwako; huwezi kumsahau, kwa hiyo huamini kwamba Johnny amemsahau.

"When It's Time" haimo kwenye albamu kabisa, ni wimbo wa mapenzi mtulivu ambao Johnny anamwimbia msichana akiwa amelala. Ni mzuri. Ni wa polepole mno kwa anayetafuta panki, awe tayari.

Kwa upande wa vyombo usiogope. Wanaodhani Broadway imemwaga sukari kwenye gita watashangaa: Green Day wenyewe wameshiriki kwenye rekodi, magita bado yana makali, na Kitt ameongeza vinanda vya nyuzi pale panapohitaji tu. Kilichobadilika ni matamshi. Waigizaji wanatamka kila neno ili mtu wa safu ya mwisho asikie, wakati Armstrong anameza nusu ya maneno puani. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hii ni faida kubwa, na nimewaona watu wakielewa kisa kwa mara ya kwanza kupitia waigizaji baada ya kuipenda albamu kwa miaka bila kujua inasimulia nini.

Basi wewe chukua ipi

Kama unapenda roki, au unataka kujua kwa nini mwaka 2004 bendi iliyodhaniwa imekwisha ilirudi juu ya dunia, chukua albamu, na uipige mwanzo hadi mwisho. Kama unapenda muziki wa makanisani wenye sauti nyingi, taarabu yenye kuulizana na kujibizana, au tamthilia, anza na rekodi ya Broadway; masikio yako tayari yamezoea wimbo wenye watu wengi ndani. Kama gita la kelele linakuumiza kichwa, hata ya jukwaani haitakufaa, maana haikupunguza kelele kiasi hicho.

Mzazi anayeuliza kwa ajili ya mtoto wa sekondari ajue kwamba zote mbili zina matusi, na mchezo unaonyesha sindano ya heroini na mambo ya chumbani. Mwaka 2015 shule moja ya Connecticut, Marekani, iliufuta mchezo huu baada ya wazazi kulalamika, na Armstrong akauandikia uongozi akiwaomba wafikirie upya. Nadhani kijana wa miaka 16 anayesikiliza pamoja na mtu mzima ataona humo onyo kali la dawa za kulevya kuliko mabango mengi ya kampeni. Wa miaka 11, bado.

Kuona mchezo ukumbini ni suala la bahati na tiketi ya ndege. Haki zake zinakodishwa, kwa hiyo hata vikundi vidogo na vyuo vinaweza kuuigiza. London uliwahi kuchezwa Arts Theatre mwaka 2015. Oktoba 2024, Los Angeles, kikundi cha Deaf West Theatre kiliucheza Mark Taper Forum kwa waigizaji viziwi na wanaosikia pamoja, lugha ya alama ikienda sambamba na nyimbo. Filamu iliyotajwa kwa miaka mingi haikutengenezwa. Bendi yenyewe ilizunguka dunia mwaka 2024 ikipiga albamu yote kuadhimisha miaka 20, na Januari 2025 ilifika Johannesburg.

Na kama huna saa moja, una dakika nane tu ukiwa kwenye daladala au matatu, tafuta "Letterbomb". Piga kwanza ya Green Day, kisha ya Rebecca Naomi Jones na wanawake wenzake, moja baada ya nyingine bila kitu katikati. Ile utakayotaka kuirudia kabla hujashuka, albamu yake ndiyo yako.